Dagaa Waliotoka Baharini

Sanduku lilikuwa limesimama karibu na mlango, limefungwa mkanda, na juu yake koti la baridi ingawa ilikuwa bado mwezi wa nane. Nyakundi aliliona kabla hajavua viatu. Polisi hata akistaafu macho hayastaafu, ndivyo walivyo.

"Shikamoo, Bi Dolat."

"Marahaba. Mkenya mwenye adabu. Nani kakufundisha?"

"Baridi ya huku, mama. Inafundisha kila kitu."

Bi Dolat alicheka kidogo, cheko la mtu anayekumbuka kwamba zamani alikuwa anacheka. Akamwekea chai ya maziwa na sahani ya chevda, vile vitafunio vikavu vya Kihindi, akakaa polepole, mkono mmoja kwenye nyonga. Hiyo nyonga ndiyo ilianzisha mambo yote. Kila mwaka yeye na mumewe Noordin walikuwa wanakwenda baharini, kule New Brunswick, kwenye hoteli moja ya mbao ya zamani sana, ya enzi za wazungu kuvaa kofia kuogelea. Hoteli yenye baraza refu, viti vimetazama maji, na kengele ya kuwaita watu chakulani. Ngazi nyingi, lifti hamna. Mwaka huu nyonga ikakataa. Bi Dolat akamwambia mumewe, nenda wewe, umechoka, uso wako umekuwa kama karatasi. Noordin akaenda. Alisema wiki moja. Sasa ilikuwa ya tatu.

Nyakundi huyu, kwa wasiomjua, alikuwa sajini wa upelelezi Kisumu. Toronto alipata kibali cha upelelezi wa kujitegemea, na ofisi yake ilikuwa meza nyuma ya duka la fundi cherehani pale Weston Road. Watu wetu wakipotelewa na mtu, walikuwa wanamwendea yeye, maana polisi wa huku ukiwaambia "mume wangu hajarudi" wanakuuliza kwanza kama ana haki ya kutorudi. Alikuwa mzuri wa kazi. Nyumbani kwake alikuwa peke yake na televisheni.

"Simu anapiga?" aliuliza.

"Kila siku. Jua likizama."

"Anasema nini?"

"Bahari. Maji yameondoka, mashua zimekaa kwenye tope. Ukungu umekuja. Mama wa jikoni kapika supu ya kome. Akisema, naiona kabisa."

"Kwa hiyo wasiwasi uko wapi?"

Bi Dolat aliinua kikombe, akakirudisha bila kunywa.

"Juzi nilisikia mwanamke nyuma yake. Anasema, 'Papa Noordin, njoo, tunakungoja wewe.' Kwa Kiswahili, Bwana Nyakundi. Miaka yote tumekwenda ile hoteli, sijasikia mtu wa kule akisema hata jambo."

"Ukamuuliza?"

"Nikamuuliza. Akasema ni redio."

Nyakundi alitazama sanduku.

"Calgary," Bi Dolat alisema kabla hajaulizwa. "Kwa binti yangu Fareen. Tiketi ni ya Jumapili. Kama kuna mwanamke, nakwenda na sirudi. Umri huu sitagombania mwanamume kama ndoo ya bombani. Nataka kujua tu kabla ya Jumapili. Basi."

"Hoteli umepiga?"

"Nipige niseme nini? Yule mama wa mapokezi ananijua. Nimwambie mume wangu amenipotea kama mwavuli?"

"Nipe namba."

Alipiga palepale mezani. Kiingereza chake kilikuwa cha kituoni, kifupi, kila neno limesimama wima. Aliomba aunganishwe na chumba cha Bwana Noordin. Akasikiliza. Akasema asante. Akaweka simu chini kwa uangalifu.

"Hayuko," alisema. "Na hakufika. Aliandika mwezi wa sita akafuta chumba. Mama wa mapokezi anakusalimu, anauliza nyonga."

Bi Dolat alivuta sahani. Alichukua punje moja ya chevda, akaiweka kando ya sahani, akachukua nyingine, akaiweka karibu yake.

"Kuna kitu chochote amekutumia?" Nyakundi aliuliza. Alijua mtu wa aina hiyo anataka kupewa swali lingine haraka.

"Zawadi. Iko juu ya friji. Sijaifungua, nilikuwa na hasira."

Sasa hapa niseme kidogo. Sisi watu wa kule, mtu hawezi kusafiri akarudi mikono mitupu. Hata ukienda hospitali kulazwa, watu wanatazama umerudi na nini. Noordin kila mwaka alikuwa anarudi na samaki wa moshi wa bahari ile, wekundu wanaonuka vizuri, na Bi Dolat anawagawa korido nzima, kipande kwa huyu, kipande kwa yule, na jamatkhana pia, kwenye nyumba yao ya sala. Ukiwa mke wa mtu aliyekwenda baharini, lazima ugawe. Vinginevyo watauliza.

Nyakundi aliuteremsha mfuko. Haukuwa na stempu wala anwani.

"Ulikujaje?"

"Niliukuta mlangoni asubuhi, nikitoka kutupa taka. Alisema kwenye simu kampa mtu aliyekuwa anarudi Toronto na gari."

"Huyo mtu alipiga kengele ya chini?"

"Hapana."

"Mlango wa chini unafunguka bila ufunguo?"

"Haufunguki. Hata yule bawabu, Shaukat, ukimletea birika la chai hakufungulii kama huna ufunguo."

"Wenye ufunguo wa nyumba hii ni nani?"

"Mimi na Noordin," alisema Bi Dolat, na aliposikia alichosema, mkono wake ukarudi kwenye nyonga.

"Yuko hapa mjini, mama. Alifika mpaka mlangoni kwako. Fungua tuone."

Alifungua fundo kwa kucha. Ndani kulikuwa na karatasi ya gazeti la Kifaransa, na ndani ya gazeti samaki wadogo wadogo wakavu, wanang'aa kama vijiko vipya. Bi Dolat aliinama akanusa. Akachukua mmoja, akamgeuza kwenye taa.

"Hawa ni dagaa," alisema.

"Naona."

"Wa Kigoma. Mimi mtu wa Dar es Salaam, siwezi kukosea. Marehemu mama alikuwa akiletewa kwa treni." Akamrudisha samaki kwenye gazeti kana kwamba anaweza kuvunjika. "Bahari ya Canada haina dagaa wa Kigoma, Bwana Nyakundi."

"Haina."

"Kule ziwani, ng'ambo ya Kigoma ni nani?"

"Wakongo."

"Na gazeti la Kifaransa. Na mwanamke anayesema 'Papa Noordin'." Aliinuka, akaenda mpaka kwenye sanduku, akakaza mkanda tundu moja zaidi. "Basi ni Mkongo. Hukuhitaji hata kumaliza chai."

"Mama, mimi sijasema hivyo."

"Mimi nimesema."

Dagaa wa namna ile hawapatikani kila duka Toronto. Duka la kwanza Nyakundi aliloingia lilikuwa na dagaa wa Thailand, wana chumvi. La pili lilikuwa na omena, dagaa wa Kenya, waliosagwa, mwenye duka akaapa ni wa Tanganyika, Nyakundi akawaonja akajua huyu bwana hata Tanganyika haijui iko wapi. La tatu lilikuwa Lawrence Heights, chumba kimoja kati ya kinyozi na mahali pa kutuma pesa, limejaa vitenge, unga wa muhogo na mafuta ya mawese. Mwenye duka alikuwa mama mnene wa Uvira, anaitwa Générose. Alimtazama Nyakundi kuanzia chini.

"Bonjour, papa. Weye ni polisi?"

"Nani kasema?"

"Viatu. Mutu wa kawaida hapigaki viatu rangi hivi siku ya kazi."

"Nilikuwa. Sasa natafuta dagaa."

"Ndagala iko. Ya kwetu, ya ziwa, si ya uongo." Akaweka mfuko kwenye mizani. Fundo lilikuwa lilelile, masikio mawili yameinama upande mmoja, na karatasi ilikuwa gazeti lilelile.

"Kuna mzee Mhindi ananunua hapa?"

Générose aliacha kufunga.

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Mke wake anamtafuta."

"Iko na bibi?" Alionekana kushangaa kweli. "Tulizani ni mujane. Kila siku anakuyaka, anakula chapati moja pale nje kwa benchi, peke yake, anaangalia simu. Mi nikamwambia, papa, kuya ndani, kuna kiti. Anasema merci, mama, hapa pananitosha. Kiswahili yake, eh, ya kuchonga kama meza."

"Na dagaa?"

"Aliuliza kama ziko na harufu ya bahari. Nikacheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka."

"Anakaa na nani? Kuna mwanamke?"

"Wanawake wako mingi." Générose alimpa mfuko na jicho la pembeni. "Nenda kanisa ile ya matofali, chini, kwa besimenti. Utaona."

Nyakundi alishuka ngazi za kanisa akiwa amejiandaa kwa kitu kingine kabisa. Alikuta kompyuta kuukuu zimepangwa kwenye meza za harusi, wanawake sita wamekaa mbele yake, wengine na watoto mapajani, na mwalimu, dada mmoja mrefu, amesimama ubaoni. Mwalimu alikuwa anaitwa Donatienne, Mrundi, kaajiriwa na shirika la wageni wapya kufundisha watu kazi za kompyuta. Alikuwa anafundisha XML.

Mimi XML nilielezwa mara nyingi kabla haijaingia, kwa hiyo nawapa kama nilivyoielewa. Ni lugha ya kuwekea habari alama, ili mashine ijue kitu hiki ni nini. Bei unaitia kati ya alama mbili za bei, jina kati ya alama mbili za jina. Kila alama ina vibano vilivyochongoka kama mdomo wa kuku. Unafungua, halafu lazima ufunge, na cha ndani kifungwe kabla ya cha nje, kama sufuria zinavyoingiana kabatini. Ukisahau mfuniko mmoja, mashine inakataa sufuria zote.

"Papa Noordin," Donatienne alisema, "wewe tu umebaki. Tunakungoja."

Sauti ya redio, Nyakundi akajiambia.

Mzee alikuwa kwenye meza ya mwisho ukutani, shati lililopigwa pasi, miwani puani, vidole viwili vinatafuta herufi moja moja. Nyakundi alikwenda akasimama nyuma yake. Zoezi lilikuwa kuandika kitu unachokijua sana. Akina mama walikuwa wameandika jikoni, shamba, watoto. Mzee alikuwa ameandika LIKIZO. Ndani ya likizo aliweka HOTELI. Ndani ya hoteli, baraza, kengele, ukungu, maji yaliyoondoka, mashua kwenye tope. Ndani ya hoteli tena, CHUMBA, kinachotazama bahari. Ndani ya chumba alama mbili za MGENI. Mmoja Noordin. Wa pili Dolat.

"Bwana Noordin," Nyakundi alisema kwa sauti ya chini. "Mimi natoka kwa mkeo."

Vidole vilisimama. Mzee hakugeuka.

"Ni mzima?"

"Mzima."

"Amekula dagaa?"

"Amewatambua."

"Nilijua atawatambua," Noordin alisema. "Tutoke nje, tafadhali. Hawa mama wananiheshimu."

Walikaa kwenye benchi la Générose. Lori la taka lilikuwa linarudi nyuma, linapiga mlio, wakangoja lipite.

"Kazi iliisha lini?" Nyakundi aliuliza.

"Nani kakuambia iliisha?"

"Mtu mwenye kazi haketi kanisani mchana."

Noordin alivua miwani. "Mwezi wa tano. Nilikuwa napanga katalogi. Viatu, nyundo, pazia, vyote mimi. Tangu Dar nilikuwa mtu wa kiwanda cha chapa, maisha yangu yote nimefanya vitu vionekane vizuri kwenye karatasi. Sasa hawataki vionekane. Wanataka uiambie mashine ni vitu gani. Wakaleta vijana wanaojua."

"Mkeo hajui."

"Asubuhi nilikuwa natoka na chakula changu kama kawaida. Nakaa maktaba. Jioni narudi. Halafu kampuni nyingine ikasema itanipa nafasi nikifaulu mtihani wa hii XML. Nikasema, likizo ndiyo nafasi yangu, najifungia wiki moja, najifunza, narudi na kazi. Wiki ikaisha nikafeli. Nikaomba tena."

"Umelala wapi?"

"Brampton, kwa mtu, chini ya nyumba. Mabasi mawili na treni. Mbali ndiyo nilitaka."

"Jamaa zako wengi ni wataalamu wa kompyuta. Hukuona hata mmoja wa kukufundisha?"

"Bwana, kwetu ukikohoa nyumbani Flemingdon, mji wa pili Mississauga wanakuombea dua. Kabla sijafungua kitabu, Dolat angekuwa ameulizwa na watu kumi Noordin anajifunza nini uzeeni. Hawa Wakongo hawanijui. Kwao mimi ni papa tu."

"Na simu za bahari?"

"Nikishuka kwenye basi nasimama uwanjani kule Brampton nampigia, ila juzi darasa lilichelewa nikampigia kanisani. Nafumba macho, namwambia ninachoona." Alifuta miwani kwa shati. "Si uongo wote. Naiona."

"Dagaa ndio waliokuuza."

"Najua. Lakini ningetuma nini? Samaki wa moshi wa kule huwapati hapa, nimezunguka. Na korido yote inajua Noordin amekwenda baharini. Dolat angewaambia nini, mumewe kamsahau? Bora anishike mimi mwongo kuliko yeye aonekane hana mtu."

"Ulifika mpaka mlangoni."

"Nilifika. Nilimsikia anasema na kijani chake, ile mimea ya dirishani. Anaisemesha." Alivaa miwani tena, akaivua. "Nikasimama. Halafu nikaondoka."

Nyakundi alikuwa amehoji wezi wa ng'ombe na wauaji, alijua mtu akimaliza kusema. Huyu alikuwa amemaliza. Akamwambia habari ya sanduku na Calgary na Jumapili, bila kupamba. Noordin alisikiliza huku akitazama mikono yake.

"Mtihani ni kesho," alisema mwishowe. "Nikifaulu nikifeli, Jumamosi narudi. Mwambie nipo baharini. Nakuomba kama ndugu."

"Mimi nimeajiriwa naye, mzee."

"Mwambie tu hakuna mwanamke."

Jioni ile Bi Dolat hakuweka chai. Alisimama, ameshika kiti.

"Hakuna mwanamke," Nyakundi alisema.

"Basi kuna nini?"

Akamwambia yote. Ndiyo kazi aliyopewa. Alipofika kwenye ile kompyuta, alama ya pili ya mgeni, Bi Dolat alimnyooshea kiganja, inatosha.

"Mwanamke ningempiga kiatu," alisema. "Hii nitaipiga na nini?" Akakaa. "Miezi hiyo yote. Namfungia chapati asubuhi, naye anakwenda kukaa maktaba. Ningemfanya nini? Ningemla?"

"Aliona aibu."

"Kwangu? Wale mama wa Kongo wanamwona anafeli, hana aibu nao. Mimi niliyezaa naye, ndiye wa kufichwa." Alitazama mimea dirishani. "Anakula peke yake, umesema?"

"Kwenye benchi. Wanamkaribisha ndani, haingii."

"Mimi nami nakula hapa nimetazama ukuta. Mji mmoja, Bwana Nyakundi. Watu wawili, kila mtu na chapati yake, kila mtu na ukuta wake."

Nyakundi alivuta kiti, akakaa naye mezani.

"Aliniomba nikwambie yuko baharini," alisema.

"Basi umeshaniambia." Bi Dolat alichukua simu, akampigia bintiye. Walisema Kigujarati na Kiingereza vimechanganyika, sauti ya Fareen inapanda, ya mama inabaki palepale. Alipokata alisema, "Amenuna. Tiketi hairudishwi. Utanisindikiza Jumamosi stesheni ya mabasi? Nyonga hii haiwezi sabwei peke yake. Kila mwaka tunashuka pale pamoja. Asikute hakuna mtu."

"Na akijua kwamba unajua?"

"Atajua akitaka kujua."

Jumamosi stesheni ya Bay Street ilikuwa imejaa watu wa mwisho wa likizo, watoto wekundu kwa jua, ndoo za mchanga, mahema. Nyakundi alimtafutia Bi Dolat nafasi kwenye benchi karibu na milango ya mabasi ya mashariki. Alikuwa amevaa vizuri, hereni, viatu vya Eid. Basi la Montreal liliingia, likateremsha watu wote, Noordin hayumo. Likaja jingine, fupi, na juu ya kioo cha mbele taa zimeandika OSHAWA, mji wa hapo jirani tu, safari ya mtu anayekwenda kazini. Nyakundi alimwona mzee dirishani, begi mapajani, koti la bahari limefungwa mpaka shingoni katika joto lile. Alikuwa amekwenda mpaka Oshawa asubuhi ili aweze kurudi na basi.

Nyakundi alimgusa Bi Dolat bega. Bi Dolat alitazama dirisha. Kisha macho yake yalianza kupanda kwenye zile taa za mbele, yakafika nusu, naye akageuza shingo upande wa pili, akatazama tangazo la dawa ya meno mpaka dereva alipozima.

Noordin alishuka wa mwisho. Alipomwona, alisimama ngazini, watu wakampita.

"Umekuja," alisema.

"Si tunafika hapa kila mwaka." Bi Dolat alimwendea, hatua ya nyonga, hatua ya mguu mzima, akamnyoosha kola. "Bahari ilikuwaje?"

Mzee alimtazama Nyakundi juu ya bega la mkewe, akamrudia mkewe. Nyuma yao dereva alikuwa anatoa mabegi.

"Maji yalikuwa mbali," alisema. "Mbali sana mwaka huu, Dolat. Sikuyafikia."

Kwa hiyo amefeli tena, Nyakundi akajua, na alimwona Bi Dolat naye amejua, maana mkono wake ulibaki kwenye ile kola muda mrefu kuliko kola ilivyohitaji.

"Mwakani huendi peke yako," alisema.

"Siendi," Noordin alisema, na akamwachia ashike begi upande mmoja.